Kikosi Kilichorudi na Sura Mpya

Jarida la katuni linaweza kufa huku bado liko dukani. Ndivyo lilivyokufa jarida la X-Men la kampuni ya Marvel, mjini New York. Kuanzia toleo la Desemba 1970 hadi lile la Aprili 1975, mtoto wa Marekani alitoa sarafu zake, akanunua toleo lenye namba mpya, akalifungua na kukuta ndani hadithi ya zamani iliyochapwa upya. Namba 67 mpaka namba 93, yote marudio. Mashujaa wale wale walipigana tena vita walivyokwisha kuvishinda, na hakuna aliyeketi mezani kuwatungia jambo jipya.

Sikilizeni basi, wanangu, niwaeleze jinsi kikosi hicho kilivyofufuka. Nina sababu ya kuwasimulia ninyi hasa, ninyi mnaosoma Kiswahili: mmoja wa mashujaa waliokifufua alikutwa Kenya. Tena si mpita njia wala mbeba mizigo wa wazungu, kama Waafrika walivyozoeleka kuchorwa katika katuni za zamani. Alikuja kuwa kiongozi wao.

Tuanze na kikosi cha kwanza. Mwaka 1963 mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walitoa toleo la kwanza la X-Men. Wazo lao lilikuwa rahisi na zuri mno. Mashujaa wengine wa Marvel walipata nguvu kwa ajali: huyu kaumwa na buibui, yule kapigwa na mionzi. Hawa wa X-Men walizaliwa nazo. Katika miili yao kulikuwa na badiliko ambalo wazazi wao hawakuwa nalo, na kwa hiyo waliitwa mamutanti. Profesa Charles Xavier, mtu wa kiti cha magurudumu mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya wengine, aliwakusanya katika shule yake nje kidogo ya jiji la New York akawafundisha kuzitawala nguvu zao.

Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watano. Cyclops alitoa machoni mwali mwekundu asioweza kuuzuia ila kwa miwani maalumu. Marvel Girl, jina lake halisi Jean Grey, alisogeza vitu kwa mawazo. Beast alikuwa na viganja na miguu mikubwa kama ya sokwe, na kichwa kilichojaa elimu. Angel alikuwa na mabawa, na Iceman, mdogo wao, aligeuka barafu. Jambo lililowatofautisha na mashujaa wengine ni kwamba watu waliookolewa nao waliwachukia. Waliokoa mji mchana, na jioni mji ule ule ukawarushia mawe. Mtoto yeyote aliyewahi kutengwa uwanjani kwa sababu ya sura yake, kabila lake au kigugumizi chake alielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Hata hivyo jarida halikuuzika vya kutosha. Mwishoni walikabidhiwa mwandishi Roy Thomas na mchoraji Neal Adams, na kurasa walizotoa mwaka 1969 zinapendeza hadi leo, lakini namba 66 ya Machi 1970 ikawa ya mwisho kuwa na hadithi mpya. Baada ya hapo ndipo yakaja yale marudio.

Sasa, ni nani aliyelirudisha? Ningependa kuwaambia kwamba ni mapenzi matupu ya sanaa, lakini mwanzo wake ulikuwa biashara. Mkuu wa Marvel wakati ule, Al Landau, alikuwa mzoefu wa kuuza katuni nchi za nje, akapendekeza kiundwe kikosi cha mashujaa wa mataifa mbalimbali ili wasomaji wa ng'ambo wajione humo. Wazo likatua kwa watu wawili ambao hawakulichukulia kama hesabu za duka: mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum.

Cockrum alikuwa na daftari. Nataka mlifikirie daftari hilo, kwa sababu bila hilo hadithi hii isingekuwapo. Alikuwa mtu wa kubuni mashujaa bila kuagizwa na yeyote. Aliwachora, akawapa majina, akawaweka. Alipokuwa baharia katika jeshi la majini la Marekani alimbuni kiumbe mwenye ngozi ya rangi ya nili iliyoiva, macho ya manjano, masikio yaliyochongoka, vidole vitatu tu kila mkono na mkia mrefu wenye ncha kama ya mshale. Baadaye alipofanya kazi katika kampuni nyingine aliwaonyesha wakubwa wake, wakamkataa kiumbe yule: sura yake ni ya ajabu kupita kiasi. Cockrum hakuichana ile karatasi. Alipohamia Marvel, yule aliyekataliwa akapata jina la Nightcrawler, na leo ni mmoja wa wahusika wapendwao zaidi katika katuni zote za Marekani. Hutoweka mahali na kutokea pengine, na alipokuwa hubaki moshi unaonuka kiberiti. Wachapaji waliiandika sauti ya kutoweka kwake kwa herufi kubwa, BAMF, na watoto wakaigiza sauti hiyo mitaani.

Katika daftari hilo hilo mlikuwamo mwanamke aliyegeuka paka na shujaa mwingine wa upepo na mvua. Mashujaa wa kike wa namna ya paka walikuwa wamekwisha kuwa wengi, basi Cockrum akachukua umbo la yule wa kwanza na nguvu za yule wa pili, akampa joho jeusi na nywele nyeupe ndefu. Ofisini walihofu kwamba nywele nyeupe zitamfanya aonekane bibi kizee. Cockrum akashikilia, na alikuwa sahihi. Huyo ndiye Ororo Munroe, aitwaye Storm.

Toleo la kurudi liliitwa Giant-Size X-Men, namba 1, la Mei 1975. Lilikuwa nene kuliko kawaida na bei yake senti 50 za dola, mara mbili ya bei ya majarida mengine ya siku hizo. Jalada lake lilichorwa na Gil Kane na Cockrum, na ni mojawapo ya majalada yanayoigwa zaidi katika historia ya katuni. Mkilipata litazameni polepole. Nyuma kuna picha ya kikosi cha zamani, nyuso zimeduwaa, vinywa wazi. Katikati karatasi imechanika, na kupitia hapo wanaruka wale wapya, wamenyoosha mikono na miguu kana kwamba watamwangukia msomaji mapajani. Hakuna neno linalohitajika. Wa zamani wako nyuma, wapya wameipasua karatasi na kuingia.

Juu ya jalada hilo kuna jambo moja dogo linalowafurahisha wachoraji. Mmoja wa wale wapya, Wolverine, alikuwa ameonekana mara ya kwanza mwaka 1974 katika jarida la Hulk, akiwa na kofia yenye masikio mafupi. Gil Kane alipomchora kwenye jalada aliikosea kofia, akaipa mapembe makubwa meusi yaliyopanda kutoka machoni. Cockrum angeweza kusahihisha. Badala yake aliitazama, akaipenda, akarudi kwenye kurasa za ndani na kuibadilisha kofia ifanane na ile ya jalada. Wolverine mnayemjua kwenye filamu za katuni na fulana za sokoni anavaa kosa la Gil Kane.

Hadithi yenyewe inaanza usiku, katika kijiji cha Ujerumani. Watu wenye mienge wanamkimbiza Nightcrawler, wanataka kumuua kwa sababu anafanana na shetani. Profesa Xavier anafika na kuwasimamisha wote kwa nguvu ya mawazo yake. Kisha anazunguka dunia. Kanada anamchukua Wolverine, mfupi wa kimo na mwepesi wa hasira, ambaye anaacha kazi ya jeshi kwa kumkatia mkubwa wake tai ya shingoni kwa kucha. Marekani anamkuta Banshee, Mwairishi mwenye ukelele wa kupasua mawe. Japani anampata Sunfire, mwenye moto na kiburi. Siberia anamkuta kijana mkulima, Piotr Rasputin, aliyegeuka chuma mwili mzima ili kumwokoa dada yake mdogo asikanyagwe na trekta. Huyu ndiye Colossus. Na Arizona anamchukua John Proudstar, Thunderbird, wa watu wa Apache.

Na Kenya. Ardhi imekauka, wanakijiji wanapanda kwa mwanamke wanayemwita mungu, wanamlilia mvua. Ororo anainuka angani, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Xavier anamwambia kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, na kwamba dunia pana kuliko kijiji inamhitaji. Anaacha nyumbani akamfuata.

Nitasema wazi ninavyouona ukurasa huo. Unapendeza, na haujui kitu. Kenya ya mwaka 1975 ilikuwa nchi huru kwa takriban miaka 12, yenye shule, reli, magazeti na jiji la Nairobi lililojaa magari. Kenya ya kwenye karatasi haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina vibanda, ukame na watu wanaopiga magoti. Wachoraji wa New York walichora Afrika waliyoizoea kwenye filamu. Lakini papo hapo walimweka Mwafrika wa kike kwenye jalada, mwenye nguvu kuliko karibu wenzake wote, wakati mashujaa weusi wa kike katika majarida makubwa ya Marekani walikuwa wa kuhesabika. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na sioni sababu ya kulificha mojawapo.

Kikosi kipya kinapelekwa kisiwa cha Krakoa kuwatafuta wale wa zamani waliopotea huko. Wanafika, wanawakuta, na ndipo wanapogundua kwamba mahali pale hapana adui aliyejificha: kisiwa chenyewe ndicho adui. Milipuko ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ilikipa uhai, kikawa kinakula nguvu za mamutanti. Kilimwachia Cyclops makusudi atoroke ili alete chakula zaidi. Wazee na wageni wanalazimika kuunganisha nguvu. Storm anashusha radi, anamjaza nguvu mwenzao Polaris mwenye uwezo wa sumaku, na kisiwa kizima kinang'olewa baharini na kutupwa angani. Wanaporudi wako 13 ndani ya ndege moja, na mmoja wao anauliza watafanya nini na watu wengi hivyo. Hapo hadithi inaishia.

Swali hilo lilijibiwa katika toleo lililofuata, namba 94 ya Agosti 1975. Wa zamani karibu wote waliaga. Cyclops peke yake alibaki, kwa kuwa macho yake hayakumruhusu kuishi kama watu wengine. Wein, aliyekuwa amelemewa na kazi za uhariri, alimwachia uandishi kijana aliyeitwa Chris Claremont. Jarida lenyewe lilitoka mara moja tu kila miezi miwili. Hakuna aliyetarajia makubwa.

Claremont alikaa kwenye kazi hiyo miaka 16. Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba aliwaruhusu wagombane. Hebu fikirini: Mrusi wa mashamba ya ujamaa na Mkanada aliyekuwa wakala wa siri, Mwairishi wa makamo, Mjerumani aliyelelewa kwenye sarakasi, wote meza moja ya chakula, katika miaka ambayo Marekani na Urusi zilielekezeana makombora. Claremont alitumia kurasa nyingi kuwaonyesha wakila, wakikosana kwa maneno, wakiandikia barua nyumbani, wakiogopa. Adui mwenye silaha alipokuja, msomaji alikuwa tayari anamjua kila mmoja wao, na aliogopa kweli.

Aliogopa kwa sababu nzuri. Katika namba 95, Thunderbird alirukia ndege ya adui iliyokuwa ikitoroka, akaipiga mpaka ikalipuka naye akafa. Alikuwa ameonekana mara tatu tu. Watungaji walieleza baadaye kwamba Wolverine alikuwa na hasira zile zile, na kikosi hakikuhitaji wawili wa tabia moja. Kifo hicho kilifanya kazi yake: wasomaji walitambua kwamba hapa shujaa anaweza kuondoka kweli. Lakini mpaka leo kinanisikitisha. Katika kikosi kilichokusanywa ili mataifa yajione humo, aliyetolewa kwanza alikuwa mwenyeji wa asili wa Marekani, na hakuna aliyempa nafasi ya kuwa kitu zaidi ya hasira.

Ororo alipata nafasi hiyo. Mwishoni mwa 1976, katika namba 102, wenzake wanapigana ndani ya ngome ya mawe huko Ayalandi, na yeye amejibanza ukutani, anatetemeka, hawezi kunyanyua hata mkono. Mwanamke anayeamuru vimbunga ameshindwa na kuta nne. Hapo ndipo Claremont na Cockrum walipotueleza alikotoka. Mama yake alikuwa binti mfalme wa Kenya, jina lake N'Dare. Baba yake, David Munroe, alikuwa mpiga picha wa magazeti, Mmarekani mweusi. Ororo alizaliwa Harlem, New York, na wazazi wakahamia naye Cairo. Mwaka 1956, wakati wa vita vya mfereji wa Suez, ndege ya kivita iliiangukia nyumba yao. Mtoto wa miaka mitano alifukiwa chini ya kifusi, hai, kando ya maiti ya mama yake. Tangu siku hiyo hawezi kuvumilia mahali palipobana. Alikua akiiba mifukoni mwa watu katika mitaa ya Cairo, kisha, akiwa bado msichana, alitembea kuelekea kusini, akavuka jangwa, mpaka nchi ya mama yake.

Vita vya Suez vilikuwa vya kweli. Uingereza, Ufaransa na Israel ziliishambulia Misri mwaka huo wa 1956, baada ya Rais Gamal Abdel Nasser kuutaifisha mfereji. Kwa hiyo jeraha la shujaa huyu wa kubuni lina tarehe katika historia ya Afrika, na nadhani ndiyo maana linauma kuliko ajali za mionzi za wenzake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1977 mchoraji John Byrne alipokea kalamu kutoka kwa Cockrum, na mwaka uliofuata jarida likaanza kutoka kila mwezi. Mwaka 1980 Jean Grey alikufa katika hadithi ambayo wasomaji bado wanabishana juu yake, Cyclops akaondoka kwa huzuni, na uongozi ukaenda kwa Ororo. Mwaka 1984 alipoteza nguvu zake zote. Hapo mwandishi mwingine angemrudisha nyumbani. Claremont alifanya kinyume: katika toleo la Januari 1986, Cyclops alirudi kudai uongozi, wakashindana wawili peke yao, na Ororo akamshinda bila radi, bila upepo, kwa akili na mwili wake tu. Kama mtasoma toleo moja tu la miaka hiyo, someni hilo.

Jarida lililokuwa marudio matupu lilikuja kuwa linaloongoza kwa mauzo Marekani. Mwaka 1991 walipoanzisha jarida la pili la kikosi hicho, namba 1 yake, iliyoandikwa na Claremont na kuchorwa na Jim Lee, iliuza nakala zaidi ya milioni 8. Hakuna toleo lingine la katuni lililowahi kufikia kiasi hicho.

Na kile kisiwa? Mwaka 2019 mwandishi Jonathan Hickman alikirudisha Krakoa katika hadithi nyingine ya kufufuka. Safari hii mamutanti walikifanya nchi yao, wakajenga makao juu ya mgongo wake na kuunda baraza la kuwatawala. Storm alikuwa na kiti katika baraza hilo.

Len Wein na Dave Cockrum wote wamekwisha kufariki, Cockrum mwaka 2006 na Wein mwaka 2017. Mkimwona Storm kwenye filamu, au mkikuta picha yake kwenye begi la shule, wakumbukeni kwa majina, kwa kuwa kwa miaka mingi sanaa hii iliwatajirisha wengine kuliko waliobuni. Nanyi mnaopenda kuchora, ninalo ombi moja. Kile kijiji cha Kenya cha mwaka 1975 bado kinasubiri mchoraji anayekijua. Chukueni daftari, gaweni ukurasa visanduku sita, mchore mahali mnapopajua: kituo cha matatu au daladala, gati la majahazi, foleni ya maji, darasa lenu. Ororo ni mali ya Marvel, kwa hiyo msimuuze. Buni shujaa wako, mpe jina, na asipopendwa mara ya kwanza, usiichane karatasi.